Namba Haina Pepo

Hatukushika kalamu leo kwa kupenda ugomvi. Tumenyamaza siku nyingi, tukidhani kwamba jambo hili litapita lenyewe kama upepo wa kusi, wala halikupita. Limezidi, na sasa limefika mpaka katika madaftari ya kanisa. Wakristo wa pwani yetu hii, tangu Bunju na Mapinga hata Bagamoyo mjini, na kuvuka Ruvu na Wami mpaka Saadani, waogopa namba. Wengine waziogopa kwa kudhani kwamba zina pepo ndani yake. Wengine waziogopa kwa kuwa ni kubwa, nao waliambiwa tangu utoto kwamba namba kubwa ni kazi ya watu wa mjini. Hofu hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja, nasi twataka kuzishitaki zote pamoja.

Twaanza na ile ya kwanza. Mmoja wetu alikuwa dukani siku moja akinunua misumari, akamwona mzee wa kanisa, mtu mwenye busara na watoto waliosoma, akiikataa stakabadhi ya mabati yake kwa sababu namba iliyopigwa chapa juu ya karatasi ilikuwa 666. Mwenye duka akacheka, akaichana, akamwandikia nyingine yenye namba 667, naye mzee akaondoka na moyo mweupe. Haya, na mabati je? Hakuyahesabu. Jumla ya fedha iliyoandikwa chini ya karatasi je? Hakuitazama. Alitazama namba moja tu, ile isiyomdai hata senti.

Sisi hatudharau Kitabu cha Ufunuo, wala hatusemi kwamba neno lililoandikwa humo ni bure. Twasema kwamba yule mzee hakulisoma. Namba ile yatajwa humo kuwa ni hesabu ya jina. Wayahudi na Wayunani wa kale hawakuwa na tarakimu hizi tulizo nazo sisi. Waliandika hesabu kwa herufi, kila herufi na thamani yake, hata jina la mtu likaweza kujumlishwa kama vile tujumlishavyo madeni. Jirani zetu waliosoma chuoni wanaijua desturi hii kuliko sisi, maana herufi za Kiarabu nazo zina hesabu yake iitwayo abjadi: alifu ni 1, be ni 2, na kuendelea hivyo mpaka ghaini, ambayo ni 1,000. Basi kuandika hesabu ya jina ni njia ya kumtaja mtu bila kumtaja. Hatari, kama ipo, i katika mtu yule, haimo katika namba. Na tena ziko nakala za kale zilizoandika 616 mahali pa 666; askofu Irenaeus wa karne ya 2 alizijua, naye alizikataa. Kama zingalipokewa hizo, mzee wetu angaliikataa stakabadhi ya 616 kwa hofu ile ile, na ile ya 666 angaliitia mfukoni bila kuitazama.

Sasa tuifungue namba yenyewe, kama mtu afunguavyo saa aone magurudumu yake. 666 ni shufwa, yaani yagawanyika kwa 2. Yagawanyika kwa 3, na kwa 3 tena, kisha yabaki 37, ambayo haigawanyiki zaidi. Tena ukijumlisha namba zote tangu 1 hata 36, wapata 666. Namba za namna hii watu wa hesabu huziita namba za pembetatu, kwa kuwa mawe kadiri hiyo yaweza kupangwa kwa safu, safu ya kwanza jiwe 1, ya pili mawe 2, ya tatu mawe 3, mpaka yafanye umbo la pembetatu lisilopungukiwa na jiwe. Vema. Na wale samaki 153 walioingia katika wavu wa Simoni Petro, wametajwa katika Injili ya Yohana, nao ni namba ya pembetatu: jumlisha 1 hata 17. Basi samaki wa Petro na yule mnyama ni wa jamaa moja! Mwenye kusema kwamba umbo la namba huleta baraka au laana na atuambie hapa afanyeje.

Mambo haya yangekuwa mchezo wa kuchekea barazani kama yasingeumiza watu. Lakini yameumiza. Katika kigango kimoja cha pwani hii, ambacho hatukitaji jina wala mahali, ilipatikana tofauti katika fedha za ujenzi. Daftari lilisema zimeingia shilingi 3,470,000. Sanduku lilipofunguliwa mbele ya wazee lilikuwa na shilingi 2,930,000. Zimepungua 540,000. Mweka hazina alikuwa mzee mkimya, fundi wa mitumbwi, naye hakuwa na maneno ya kujitetea zaidi ya kusema kwamba hajui. Baraza likagawanyika. Wengine walisema amekula. Wengine, nao ndio waliotutia aibu zaidi, walisema fedha zimechukuliwa kwa uchawi, wakataka iletwe hesabu ya jina lake kwa mpiga ramli ili ijulikane kama nyota yake ni ya mwizi. Wakristo hawa! Kwa majuma matatu mkewe hakuenda sokoni bila kusikia neno nyuma yake.

Aliyemaliza shauri ni msichana wa darasa la saba, mjukuu wa mmoja wa wazee. Hakuuliza jina la mtu. Aliuliza tofauti ni kiasi gani, akaigawanya kwa 9. 540,000 kwa 9 ni 60,000, haibaki kitu. Akasema, “Babu, tazameni mahali palipoandikwa tarakimu mbili zilizopishana, kubwa yapita ndogo kwa sita, katika nafasi ya laki na ya makumi elfu.” Wakatazama. Sadaka ya mavuno ya korosho kwenye karatasi ya kwanza ilikuwa 280,000. Katika daftari mwandishi ameinakili 820,000. Fedha hazikupotea kamwe, kwa sababu hazikuwapo.

Tueleze alivyojua, kwa kuwa si uganga. Katika 82 tarakimu 8 imekaa mahali pa makumi, na 2 mahali pa mamoja. Ukizibadilisha, 8 yashuka toka kumi mpaka moja, yaani yapoteza 9 mara nane. Na 2 yapanda toka moja mpaka kumi, yaani yaongeza 9 mara mbili. Tofauti yake ni 9 mara sita, ndiyo 54. Na kila tarakimu mbili za jirani zikipishana, tofauti haiwezi kuwa nyingine ila 9 mara kadhaa. Kwa hiyo mtunza daftari akiona mapungufu yanayogawanyika sawasawa kwa 9, kabla hajamshuku mtu na aushuku mkono ulionakili. Si kila mara atakuta ndivyo, lakini ni mahali pa kwanza pa kutazama. Msichana yule alifundishwa hayo kwa dakika kumi. Wazee wa baraza, waliokaa majuma matatu, hawakumwomba fundi wa mitumbwi radhi mbele ya watu mpaka leo, nasi twaliandika jambo hili kwa uchungu.

Sasa twageuka kwa walimu wenzetu, maana hao ndio hasa tunaogombana nao. Wako wasemao kwamba mtoto wa kijijini yamtosha kujua hesabu za kibaba na pishi, na kwamba namba ya tarakimu nane ni mzigo mtupu kichwani mwake. Wengine humfundisha mtoto kuisoma namba kubwa kwa sauti, basi. Kama mtu amfundishaye mwanawe kusoma jina la Bagamoyo kwenye kibao cha njia wala asimpeleke mjini. Na hata kuisoma kwenyewe hawasomi sawa. Mtu asema “elfu kumi na moja”, nawe hujui kama amekusudia 11,000 au 10,001. Watu wawili wapatana bei, kila mmoja na bei yake moyoni. Wazee wa pwani walisema “kumi na moja elfu”, na kwa mia elfu walikuwa na neno lao laki, wala hapakuwa na shaka. Lakini hilo na tuliache, lina makala yake.

Twaweka mbele yenu namba moja kubwa, iliyo yetu sote, tuone kama ni mzigo. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ilianza hesabu ya watu wa Tanzania yote, na matokeo yake yakatangazwa Dodoma tarehe 31 Oktoba mwaka ule ule: watu 61,741,120. Yaani milioni sitini na moja, laki saba na arobaini na moja elfu, mia moja na ishirini. Magazeti yalisema “milioni sitini na moja na kitu”. Hicho kitu ni watu zaidi ya laki saba! Wilaya ya Bagamoyo nzima, katika hesabu ya mwaka 2012, ilikuwa na watu 311,740. Basi katika kile “kitu” zingeenea Bagamoyo mbili na watu wakabaki.

Tarakimu zake, 6 na 1 na 7 na 4 na 1 na 1 na 2 na 0, ukizijumlisha wapata 22, na 2 na 2 ni 4. Hiyo 4 ndiyo baki utakayoipata ukiigawanya namba nzima kwa 9, nayo yafaa sana kwa kuhakiki. Bara walihesabiwa watu 59,851,347. Jumlisha tarakimu: 42, nazo 4 na 2 ni 6. Zanzibar walihesabiwa 1,889,773: tarakimu zake ni 43, nazo 4 na 3 ni 7. Sita na saba ni 13, na 1 na 3 ni 4. Imelingana. Mtoto wa darasa la tano, kwa kijiti na mchanga, amekwisha kuipima kazi ya maelfu ya makarani, wala hakuomba ruhusa kwa mtu. Na ajaribu tena kwa njia nyingine: wanaume 30,053,130, tarakimu zake hufanya 15, yaani 6; wanawake 31,687,990, tarakimu zake 43, yaani 7. Sita na saba, kama zile za kwanza!

Hapa twajua kwamba kuna msomaji aliyeshtuka. Bara ni 6, wanaume ni 6. Zanzibar ni 7, wanawake ni 7. Lazima pana siri. Hapana siri. Baki za 9 ni tisa tu, tangu 0 hata 8, na jumla yao ilikuwa lazima ifanye 4. Namba mbili zikikutana katika nyumba yenye vyumba tisa si muujiza. Huu ndio mlango waingiao wapiga ramli: hukuonyesha mkutano mmoja uliotokea, wala hawakuonyeshi mia ambayo haikutokea.

Wala tusiwadanganye kwamba kipimo hiki kinaona kila kosa. Mtu akipisha 7 na 4, akaandika 61,471,120, jumla ya tarakimu ni ile ile 22, na kipimo kitampitisha kama bawabu aliyesinzia. Kosa lile lile ambalo msichana wetu alilikamata kwa kutazama tofauti, hapa hupita salama. Kipimo cha 11, ambapo tarakimu hujumlishwa na kutolewa kwa zamu, hukamata kosa la namna hiyo. Mwenye zana moja na aijue mipaka yake, kama mvuvi ajuavyo kwamba nyavu za dagaa hazishiki papa.

Sasa tuivunje. Yaishia na 0, kwa hiyo yagawanyika kwa 2 na kwa 5. Endelea kuitia nusu: 30,870,560, kisha 15,435,280, kisha 7,717,640, kisha 3,858,820, kisha 1,929,410, kisha 964,705, nayo ni witiri, haigawanyiki kwa mbili tena. Mara sita! Wazee wa Bagamoyo wangeipenda namba hii. Zamani rupia moja ilikuwa na pesa 64, na 64 yaweza kutiwa nusu mara sita mpaka ifike 1: 32, 16, 8, 4, 2, 1. Mwanamke wa sokoni asiyejua kuandika aliweza kugawa rupia nusu, robo, thumni, na nusu ya thumni, wala hakuna aliyedhulumiwa. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ikabadili, rupia ikawa heller 100. Itie nusu mia: 50, 25, kisha umekwama. Watu wa kalamu walifurahi, kwa kuwa mia yaandikwa vizuri. Watu wa sokoni walipoteza thumni yao. Kila namba ina tabia yake, na serikali ikibadili namba imebadili na soko.

Twarudi kwa 964,705. Kwa 5 yatoa 192,941. Kwa 3 haigawanyiki, maana tarakimu zake ni 26. Kwa 7 yatoa 27,563 sawasawa. Kisha mtu hutoka jasho: 11 hapana, 13 hapana, 17 hapana, 19, 23, 29, 31, 37, 41, zote hapana. Ndipo 43, nayo yatoa 641. Na 641 yenyewe? Kwa kuwa 26 mara 26 ni 676, imekwisha kuipita, yatosha kuijaribu kwa namba tasa zilizo chini ya 26, mpaka 23. Zote huacha baki. Basi 641 ni namba tasa, na nyumba yote imefunguka: 61,741,120 ni 2 iliyozidishwa mara sita, mara 5, mara 7, mara 43, mara 641. Hakuna njia nyingine ya kuijenga kwa namba tasa, hata mtu akianzia mwisho au katikati.

Jina hili “tasa” hatulipendi, twasema wazi. Namba isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa nafsi yake imeitwa tasa kana kwamba haizai, na kumbe namba nyingine zote zimezaliwa nazo kwa kuzidishana. Afadhali zingeitwa mama. Lakini vitabu vya shule vimekwisha kuandikwa, nasi hatuna nguvu za kuvifuta.

Hiyo 641 si mgeni katika vitabu vya wenye elimu. Anza na 2, izidishe kwa nafsi yake upate 4, kisha 4 kwa nafsi yake upate 16, kisha 256, kisha 65,536, na kila moja uiongezee 1: wapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tano ni tasa. Mfaransa Pierre de Fermat, bingwa wa namba katika karne ya 17, akasema kwamba zitakazofuata nazo zote ni tasa. Neno la bingwa likakaa karibu miaka mia. Mwaka 1732 Mswisi Leonhard Euler akaichukua iliyofuata, 4,294,967,297, akaonyesha kwamba yagawanyika kwa 641 sawasawa, mara 6,700,417. Kugawanya kumoja tu, na neno la Fermat likaanguka. Hakupinga kwa cheo wala kwa umri, naye Fermat hakupungukiwa heshima; vitabu vyamtaja hata leo. Laiti baraza la kigango kile lingalijua kushindwa kwa namna hii.

Jambo moja tena juu ya namba yetu, kisha tuwajibu wanaotupinga. Tangu zamani za Wayunani namba zimegawanywa jamaa tatu kwa jumla ya vigawo vyake, ukiacha yenyewe. 10 ina 1, 2 na 5, jumla 8, imepungua. 6 ina 1, 2 na 3, jumla 6 sawasawa. Hii yaitwa timilifu, na baada yake ni 28, kisha 496, kisha 8,128, kisha yakupasa kusafiri mbali sana. 12 ina 1, 2, 3, 4 na 6, jumla 16, ina ziada. Hesabu ya watu wa Tanzania ya mwaka 2022 ina vigawo 112, na ukiiacha yenyewe jumla ya vingine ni 110,458,688. Ina ziada kubwa. Je, ndiyo kusema nchi itakuwa na neema? Hasha! Usiku ule angalizaliwa mtoto mmoja zaidi, tuseme hapa hapa Dunda, namba ingalikuwa 61,741,121: witiri, isiyogawanyika kwa 2, wala 5, wala 7, wala 43, wala 641. Kitoto kimoja kingalivivunja vigawo vyote, isipokuwa 1, na nchi ingaliamka vile vile ilivyolala. Tabia ni za namba, si za watu waliohesabiwa. Agostino mtakatifu, ambaye wengi humtaja ili kutetea siri za namba, alisema juu ya 6 kwamba ni timilifu kwa nafsi yake, na ingekuwa timilifu hata kama zile kazi za siku sita zisingalikuwapo. Wanaomtaja na wamsome mpaka mwisho.

Wako wanaotuambia kwamba kuhesabu watu kwenyewe ni dhambi, wakimtaja mfalme Daudi. Tuwaombe wafungue Kitabu cha Hesabu, sura ya kwanza, ambapo kuhesabu kuliamriwa. Sisi tumezijumlisha kabila zile kumi na mbili, tangu watu wa Reubeni 46,500 mpaka wa Naftali 53,400, zikatoka 603,550 kama ilivyoandikwa. Kazi njema kwa darasa la Jumamosi.

Wako na wasemao kwamba simu hufanya yote hayo, ya nini kumchosha mtoto. Simu hujumlisha ulichoiandikia. Mwandikie 820,000 mahali pa 280,000, nayo itajumlisha bila kupepesa macho, na mzee wa watu ataitwa mwizi kwa hesabu iliyo sahihi. Tena watu hawa hawajui kwamba siri za simu hiyo hiyo, katika njia moja itumikayo sana duniani, hulindwa na namba tasa. Mwaka 1977 mabwana watatu huko Marekani, Rivest, Shamir na Adleman, walitengeneza kufuli ambalo nguvu yake ni hii: kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni kazi nyepesi, lakini kumpa mtu jumla ya kuzidisha huko na kumwambia azitafute zile mbili ni kazi ya kukata tamaa. Mmekwisha kuona jasho letu kati ya 7 na 43, na namba yetu ilikuwa na tarakimu nane tu. Huko hutumia namba zenye tarakimu mia kadhaa. Wala wanaozitafuta hawajachoka: mwaka 2024 ilitangazwa namba tasa yenye tarakimu 41,024,320, na hiyo haina kazi yo yote tuijuayo ila kuwapo.

Nasi twakiri kwamba sehemu ya haya tuliyoandika haina faida ya sokoni. Hakuna atakayelipwa kwa kujua kwamba 153 ni pembetatu. Lakini mtoto aliyezoea kuifungua namba haiogopi, na asiyeiogopa huitazama mpaka chini ya karatasi, penye jumla.

Wiki iliyopita tuliandika ubaoni ile namba ya Bagamoyo, 311,740, tukawaacha watoto wa darasa la sita waivunje. Walipata 2 mara mbili, na 5, na 11, na 13, wakafika 109. Wawili wakasema ni tasa, tumemaliza, twende tukacheze. Mmoja, mtoto wa mchuuzi wa samaki, akakataa mpaka aijaribu mwenyewe kwa 2, 3, 5 na 7. Alikuwa bado kwenye 7 kengele ilipolia, nasi tukamwachia chaki.